Mbadala wa Plastiki Upimwe kwa Maji ya Chumvi

Juni 1, 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na haikuchukua muda ile mifuko laini tuliyozoea kuiita rambo ikaadimika sokoni. Zanzibar ilikuwa imechukua hatua hiyo tangu 2006, Rwanda 2008, na Kenya Agosti 28, 2017, kwa adhabu zilizoweza kufika faini ya Sh4 milioni za Kenya au kifungo cha miaka minne. Ukanda wetu ulifanya hivyo wakati mataifa yenye fedha na maabara kuliko sisi yakiendelea kuvutana na wenye viwanda, na sifa hiyo tuichukue bila haya. Lakini marufuku zile zilieleza kwa kina kitu gani kiondoke, na kwa juujuu tu kitu gani kiingie mahali pake. Pengo hilo limejazwa na bidhaa zinazouzwa leo kwa jina la mbadala, na nyingi kati yake, zikishafika baharini, hazina tofauti na kile kilichoondolewa. Nchi yenye pwani haina sababu ya kukiita kifungashio chochote rafiki wa mazingira kabla ya kujua kitakuwa nini siku kitakapoangukia baharini. Swali hilo ndilo litangulie, kisha yafuate ya bei, mwonekano na uimara.

Litangulie kwa sababu kwetu kifungashio kuponyoka si ajali, ni kawaida. Miji yetu hukusanya sehemu tu ya taka inazozalisha. Zilizobaki hulala mitaroni, kwenye makorongo na viwanja vitupu zikisubiri mvua. Masika yakianza, mto Msimbazi huzoa kilichoachwa tangu upande wa Pugu, ukapita Vingunguti na Jangwani, na kukimwaga baharini karibu na daraja la Selander. Mifereji ya Mombasa na Tanga nayo ina tabia hiyohiyo. Watafiti waliokadiria taka za nchi 192 zenye pwani, katika ripoti iliyochapishwa 2015, walipata kwamba kwa mwaka 2010 peke yake plastiki iliyoingia baharini ilikuwa kati ya tani milioni 4.8 na milioni 12.7. Kipimo kinachodhani kwamba kila mfuko utarudi kiwandani, au utafika dampo lenye uzio na mashine, kimetungwa kwa ajili ya miji mingine.

Kinachotokea baada ya hapo kinafahamika vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mchukulie kasa. Koo lake limejaa miiba laini iliyoelekea tumboni. Akimeza chakula pamoja na maji ya bahari, maji huyatoa na miiba hiyo huzuia chakula kisirudi. Ni umbo lililomfaa kwa mamilioni ya miaka, na ndilo linalomponza sasa, maana kipande cha plastiki kikishapita hapo hakina njia ya kurudi. Kinakaa, kinaziba utumbo au kuutoboa, na mnyama anakufa kwa njaa huku tumbo limejaa. Mwaka 2018 wanasayansi wa Australia walichapisha hesabu waliyoifanya kutokana na mamia ya kasa waliokufa: kasa aliyemeza kipande kimoja tu ana uwezekano wa asilimia 22 wa kufa kwa sababu hiyo, na akifikisha vipande 14 uwezekano unakuwa nusu kwa nusu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba anadanganyika kwa macho tu, akiuona mfuko unaoelea akadhani ni yavuyavu. Utafiti wa 2020 uliofanywa kwa kasa aina ya duvi ulionyesha kwamba anavutwa na harufu pia. Plastiki ikikaa baharini huota mwani na vijidudu, ikaanza kunuka kama chakula, na duvi huinua pua kuifuata kama anavyofuata dagaa. Kwa hiyo mfuko ukipakwa rangi nyingine au ukikatwa kwa umbo jingine, kwa kasa bado ni chakula.

Na si kasa peke yake. Machi 2019 nyangumi aliyekufa huko Davao, Ufilipino, alikutwa na takriban kilo 40 za plastiki tumboni. Hilo lilitangazwa dunia nzima kwa kuwa nyangumi ni mkubwa na picha yake inashtua. Lililo zito zaidi kwa mvuvi wa Pwani ya Afrika Mashariki halikupata picha nyingi: mwaka 2018, baada ya kuchunguza matumbawe zaidi ya 124,000 katika miamba ya Asia na Pasifiki, watafiti waliripoti kwamba matumbawe yaliyoguswa na plastiki yalikuwa na uwezekano wa kuugua wa asilimia 89, ukilinganisha na asilimia 4 kwa yale yasiyoguswa. Plastiki huyazuia mwanga na hewa, huyachubua na kuyaachia vijidudu mahali pa kuingilia. Changu, pono, kamba na pweza wanaouzwa katika masoko ya Feri na Malindi wanaishi kwenye miamba ya namna hiyo. Ukivunja mwamba umevunja ghala la samaki.

Sasa turudi sokoni. Kilichochukua nafasi ya rambo kwa kiasi kikubwa ni ule mfuko wenye mpini, wa bluu, wa kijani au mweupe, ambao watu wengi huuona kama kitambaa. Ushike uutazame kwa karibu. Haukufumwa. Ni nyuzi nyembamba mno zilizomwagwa ovyo moja juu ya nyingine na kubanwa kwa joto, na alama za mashine zinaonekana kama vitone vilivyopangwa safu kwa safu. Nyuzi hizo ni polipropilini, plastiki ileile inayotengeneza vifuniko vya chupa, viti vya bustani na magunia ya salfeti. Uache juani miezi kadhaa, kisha uusugue kwa vidole: unabomoka unga na vinyweleo. Unga huo haujaoza, umegawanyika tu, na kwa kuwa polipropilini ni nyepesi kuliko maji, unaelea pale samaki wadogo wanapojilisha. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) liliweka sharti kwamba mfuko huo uwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, ili mtu aweze kuutumia mara nyingi. Nia ilikuwa njema. Mitaani, hata hivyo, imeenea myembamba inayochanika safari ya kwanza au ya pili, na Kenya iliona jambo hilohilo, mpaka mamlaka yake ya mazingira, NEMA, ikatangaza mwaka 2019 kuipiga marufuku mifuko hiyo. Nyuma yake kwetu vikaja vifungashio vyeupe vya kuonea ndani, ambavyo sheria ilikuwa imeviruhusu kwa ajili ya kufungia bidhaa tangu kiwandani. Wachuuzi wakaanza kuvitumia kama mifuko ya kubebea, na mwaka 2021 Serikali ikalazimika kutoka tena na katazo la pili. Kila mlango ulioachwa wazi, plastiki ilipita.

Upo mlango wa tatu unaofunguliwa sasa, na huu ni hatari zaidi kwa sababu unakuja na majani ya kijani yaliyochorwa juu ya mfuko na maneno ya kwamba unaoza wenyewe. Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, waliichukua mifuko ya aina hiyo wakaiweka mahali patatu: hewani, udongoni na baharini. Matokeo yao ya 2019 yangepaswa kubandikwa kwenye ofisi ya kila mkaguzi wa bidhaa bandarini. Baada ya miaka mitatu, mfuko uliouzwa kwa maelezo kwamba huoza ulikuwa bado unaweza kubeba mzigo wa sokoni, uwe umezikwa au umezamishwa baharini. Ule mmoja wa kutengenezea mboji ulitoweka baharini ndani ya miezi mitatu, lakini udongoni bado ulikuwapo baada ya miezi 27, ingawa ulichanika ukitiwa uzito. Plastiki za wanga wa mahindi, zinazotumika kwa vikombe na mirija, huhitaji joto la karibu nyuzi 60 la mtambo maalumu wa mboji ili zivunjike kwa kasi. Ni nzito kuliko maji, hivyo huzama, na kule chini hakuna joto hilo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, lilisema tangu 2015 kwamba kuingia kwa plastiki zinazodaiwa kuoza hakutapunguza kwa kiasi cha maana taka za baharini. Umoja wa Ulaya ukazuia kabisa, kuanzia Julai 2021, zile zilizotiwa kemikali ya kuzifanya zimeng'enyuke vipande haraka. Bidhaa ikikataliwa kule hutafuta soko kwingine, na bandari zetu ziko wazi.

Ukivipanga vifungashio kwa kipimo cha maji ya chumvi, vinavyofaulu ni vya makundi mawili: vile ambavyo bahari inavijua tayari kama mimea, na vile ambavyo havifiki baharini kwa kuwa vina thamani ya kurudishwa. Makundi yote mawili tunayo.

Pakacha ni la kundi la kwanza. Fundi huchukua kuti bichi la mnazi, hulipasua kwenye upongoo, husuka chane za upande huu na upande ule zikakutana chini, hufunga, na kwa muda mfupi tu, bila kiwanda wala umeme, kuna chombo cha kubebea maembe, nazi au samaki wa kutosha nyumba nzima. Ni kifungashio cha kutumika mara moja kwa maana halisi: kikishafika nyumbani kinaweza kutupwa, na kikitupwa kinaliwa na mchwa. Kikisombwa na maji hadi baharini kinakuwa sawa na makuti yanayodondoka kila siku kutoka kwenye minazi ya ufukweni, na viumbe wa huko wamekuwa wakiyashughulikia makuti tangu kabla hatujawa na majiji. Kando ya pakacha kuna tenga la kubebea samaki na nyanya, kikapu cha ukili wa miyaa kinachodumu miaka, kamba za usumba zinazosokotwa kutokana na makumbi ya nazi, na jani la mgomba, ambalo kwa Waganda mpaka leo ndilo hufunika matoke yanapopikwa. Hivi ni vitu vinavyotengenezwa sasa hivi Pemba, Mafia, Lamu na vijiji vya Tanga, kwa sehemu kubwa na wanawake, na tatizo lake si ubora bali ni kwamba hakuna aliyevichukulia kuwa viwanda. Mtalii hununua kikapu cha ukili akakipeleka Ulaya, na sisi tunaagiza polipropilini kutoka nje ili tubebee mchicha. Nakiri kwamba malighafi yake inahitaji kulelewa: minazi mingi ya pwani imezeeka na mingine imeuawa na maradhi, na miyaa ikivunwa bila mpango itakwisha. Hiyo ni sababu ya kupanda.

Katani ina historia inayotia uchungu zaidi. Mjerumani Richard Hindorf aliileta Tanganyika mwaka 1893, na kufikia 1964 mashamba ya Tanga, Morogoro na kwingineko yalizalisha takriban tani 230,000 kwa mwaka. Kamba na magunia ya dunia yalitoka kwenye mmea huu. Kilichouangusha, pamoja na mambo ya uendeshaji wa mashamba baada ya kutaifishwa, ni nyuzi za plastiki, na ya mbele kati yake ilikuwa polipropilini, iliyokuwa rahisi kwa mnunuzi wa Ulaya na Marekani. Miongo michache baadaye uzalishaji haukufikia hata robo ya ule wa zamani. Ndiyo kusema kwamba plastiki iliyowafukuza kazi wakataji mkonge ndiyo hiyo tuliyoikaribisha 2019 ishike nafasi ya mfuko tulioupiga marufuku. Gunia la katani na mfuko wa katani vingekuwa vya kwanza kutajwa kwa jina katika kanuni za mbadala, na Serikali inaweza kuanza na yale inayoyanunua yenyewe: magunia ya hifadhi ya chakula ya taifa na ya mazao yanayopita kwenye stakabadhi ghalani, kila palipo na nafasi ya kufanya hivyo.

Kundi la pili, la vitu vinavyorudi, tulikuwa nalo dukani hadi juzi. Kwa miongo mingi soda ilikuwa katika chupa ya kioo. Hutoki nayo mpaka uache chupa nyingine au fedha ya rehani, na kreti tupu lilikuwa na bei yake. Hakuna mtu aliyehitaji kuelimishwa juu ya mazingira ili asitupe chupa ile. Mtoto aliyeikuta njiani aliikimbiza dukani. Kisha zikaja chupa za plastiki za kuondoka nazo, na kampuni zikajiondolea gharama ya kukusanya, kuosha na kurudisha, gharama hiyo ikahamia kwa halmashauri, kwa mvuvi na kwa kasa. Mwaka 2022 Coca-Cola iliahidi kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 25 ya vinywaji vyake duniani vitauzwa katika vyombo vya kurudishwa au kujazwa upya. Desemba 2024 ilipotangaza malengo mapya, ahadi hiyo haikuwamo. Ndiyo maana siamini katika ahadi za hiari. Ujerumani iliweka kwa sheria rehani ya senti 25 za yuro kwenye chupa na makopo ya kutumika mara moja kuanzia 2003, na zaidi ya asilimia 95 ya vyombo hivyo hurudishwa. Vijana wetu wanaookota makopo kwa kilo wameshathibitisha kwamba chupa yenye bei haikai chini. Rehani ingeifanya bei hiyo iwe ya heshima, na ingemlipa muokotaji kwa kila chupa badala ya kumsubirisha mpaka gunia lijae.

Kuhusu mwani, naomba tuwe na matumaini yenye kipimo. Kampuni ya Notpla ya London, iliyopata tuzo ya Earthshot mwaka 2022, hutengeneza vifungashio kutokana na mwani, na katika mbio za London Marathon za 2019 wakimbiaji walipewa kinywaji ndani ya vijifuko vya mwani vinavyoweza kumezwa. Zanzibar inalima mwani kibiashara tangu 1989, walimaji walio wengi ni wanawake, na zao hilo husafirishwa likiwa kavu na ghafi, faida kubwa ikapatikana kwingine. Kuna kila sababu ya kutaka sehemu ya mwani wa Paje, Jambiani na Pemba ibaki nyumbani ikatengenezwe vifungashio. Lakini utando wa mwani huharibika kwa unyevu, bado ni ghali, na ile aina ya mwani inayoitwa kotoni, yenye bei nzuri, imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi kadiri bahari inavyopata joto. Hata kilimo chenyewe kinafungia mbegu kwa vikamba vya plastiki ambavyo vingi huishia baharini. Tuuwekee mwani fedha za utafiti kwa bidii, bila kumwahidi mkulima wa Jambiani utajiri ambao bado haujaonekana.

Wapo watakaosema kwamba hesabu za kisayansi zinapingana nami. Mwaka 2018 mamlaka ya mazingira ya Denmark ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba, ukijumlisha nishati, maji na kemikali zote, mfuko wa karatasi unapaswa kutumika mara 43, na wa pamba mara 7,100, ndipo ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki. Takwimu hizo ni za kweli na zimetajwa mara nyingi na wenye viwanda. Kisichotajwa ni kwamba ripoti hiyohiyo haikuhesabu madhara ya mfuko unaozagaa. Kwa Denmark, ambako taka hukusanywa na kuchomwa katika mitambo ya umeme, inaeleweka. Kwetu, kuacha kuhesabu uzagaaji ni kuacha tatizo lenyewe nje ya hesabu. Tena pakacha halikupimwa katika ripoti ile, wala jani la mgomba. Havina shamba la pamba linalokunywa mito, wala meli iliyovileta. Somo la Denmark nalichukua kwa upande mmoja: mifuko ya pamba inayogawiwa kwenye makongamano ikiwa na nembo ya mfadhili si suluhisho, na karatasi itumike palipo na haja. Hiyo karatasi ya kaki tunaweza kuitoa nyumbani, kwa kuwa kiwanda cha Mgololo wilayani Mufindi kinaitengeneza. Tuangalie pia kwamba vikombe na sahani nyingi za karatasi zimepakwa utando wa plastiki kwa ndani, na hivyo vinaanguka kwenye kipimo kama vilivyoanguka vingine.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la bei. Rambo ilitolewa bure, na mama ntilie anayeuza maandazi ya mia mia hawezi kuongeza gharama ya kifungashio bila kula faida yake yote. Ni kweli, na mtu asiyeliona hilo hajui soko. Ila bure ile iligharimiwa na wengine: mvuvi anayevuta wavu uliojaa taka, halmashauri inayozibua mitaro, familia za mabondeni zinazofurikiwa maji kwa sababu makalavati yameziba. Kinachotakiwa ni kuirudisha gharama kwa anayeanzisha plastiki, kisha fedha hiyo imshushie mchuuzi bei ya kifungashio kinachooza. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya Kenya ya 2022 imeshaweka msingi kwamba mzalishaji awajibike na kifungashio chake hadi mwisho wa maisha yake, Tanzania ifuate. Na si kila kitu kinahitaji kifungashio kipya. Watu wetu wamezoea kupeleka chupa dukani kupimiwa mafuta, na hata maziwa huuzwa kwa kupimwa. Vile vifuko vidogo vya sabuni, viungo na mafuta ya nywele, ambavyo hakuna anayeviokota kwa sababu kilo moja inahitaji maelfu, vingeweza kuuzwa kwa mtindo huohuo wa kupima, na mnunuzi angelipia bidhaa bila kulipia kifuko.

Wengine watatuambia turejeleze. Urejelezaji wa chupa ninauunga mkono, na jahazi la Flipflopi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likasafiri hadi Zanzibar mwanzoni mwa 2019, lilifanya kazi kubwa ya kuamsha watu. Lakini waliolijenga wenyewe wanadai plastiki ya kutumika mara moja iondoke. Hesabu iliyochapishwa 2017 ilionyesha kwamba kati ya taka zote za plastiki zilizowahi kuzalishwa duniani hadi 2015, zilizorejelezwa zilikuwa takriban asilimia 9. Dunia yenye fedha imejaribu kwa miaka na imefika hapo.

Na kuna wanaosema taka za fukwe zetu zinatoka Asia na kwenye meli za uvuvi, hivyo tunajichosha. Mwaka 2019 katika kisiwa cha Aldabra, Shelisheli, ziliokotwa tani 25 za taka, na makadirio ya zilizobaki yakawa tani mia kadhaa. Sehemu kubwa kwa uzito ilikuwa zana za uvuvi. Aldabra haina mji, kwa hiyo kinachofika pale kimeletwa na mikondo. Fukwe za Dar es Salaam na Mombasa zina mji mgongoni. Kwa plastiki ya wengine tunahitaji mkataba wa kimataifa, ambao mazungumzo yake yalizinduliwa Nairobi Machi 2022, na kikao chake cha Geneva cha Agosti 2025 kikamalizika bila makubaliano. Kwa plastiki yetu hatuhitaji kibali cha mtu. Juni 2025 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa Anna Papp na Kimberly Oremus uliopitia makumi ya maelfu ya shughuli za usafi wa fukwe nchini Marekani: mahali palipowekwa sheria za mifuko, sehemu ya mifuko katika taka zilizookotwa ilipungua kwa kati ya asilimia 25 na 47 kuliko pasipo na sheria. Na marufuku zilizofanya kazi kidogo kuliko zote zilikuwa za nusu nusu, zile zinazokataza mfuko mwembamba na kuruhusu mnene. Hapo ndipo tuliposimama sisi.

Sisemi plastiki yote iondoke. Dripu ya hospitali, mfuko wa damu na kifungashio cha dawa vibaki, na muuza nyama apewe njia safi ya kufungia kabla ya kukatazwa aliyonayo. Ninachodai ni kwamba neno la TBS na la NEMC, baraza la usimamizi wa mazingira, kwa Bara, na la mamlaka ya mazingira kwa Zanzibar, litolewe baada ya kifungashio kuwekwa katika maji ya bahari yetu, chini ya jua letu, kwa muda uliotajwa, na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar inao watu wa kuifanya kazi hiyo. Mfuko wa polipropilini uondolewe katika orodha ya mbadala kwa muda utakaowapa wenye viwanda nafasi ya kubadilisha mitambo. Mfuko unaodai kuoza usiingie nchini bila cheti cha jaribio hilo. Masoko makubwa, Feri likiwa la kwanza, yatengewe bajeti ya kununua matenga na mapakacha kwa vikundi vya wasusi kwa mikataba ya mwaka mzima, ili msusi wa Mkuranga au Bagamoyo awe na sababu ya kupanda minazi. Chupa za plastiki ziwekewe rehani. Kanuni za 2019 zilitungwa na waziri chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Sehemu ya madai haya inayohusu mifuko inaweza kutekelezwa kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, bila kusubiri kikao cha Bunge.